Namba hazilingani: ipi ni feki, ipi imetengenezwa tu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Lindi mjini. Kuna nyumba moja Mikindani wanauza vitu vya marehemu babu yao, na humo nimekuta lenzi mbili. Ya kwanza imeandikwa Carl Zeiss Jena Tessar 1:4,5 f=13,5cm, namba yake ina tarakimu sita na inaanza na 5. Imefungwa kwenye shata (mlango wa kufungua na kufunga mwanga) ya Compur yenye tundu la waya wa flashi, na kati ya lenzi na shata kuna kipete chembamba cha shaba. Vioo vya mbele vinaakisi mwanga mweupe, vya nyuma vinaakisi zambarau. Ya pili ni Sonnar 1:1,5 f=5cm ya kufunga kwenye kamera ya Leica, ina herufi T nyekundu, namba yake ni milioni mbili laki saba na kitu, inang'aa kama imetoka dukani jana. Ila nilipoifungua nyuma nikaona namba imekwaruzwa kwa mkono, inaanza na 56. Wenyewe wanasema zote zilikuja na Wajerumani waliochimba mifupa ya dinosaria Tendaguru. Tessar wanataka laki moja na nusu kwa kuwa "imechanganywa", Sonnar milioni moja na laki mbili. Rafiki yangu wa Dar ameniambia lenzi ikiwa na vipande visivyolingana ni feki, nisiguse. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha ulizotuma nimezikuza mpaka zikabaki madoa. Nianze na ninavyoona, sababu zitafuata: hiyo Tessar iliyoungwaungwa naiamini, hiyo Sonnar safi siiamini. Rafiki yako ana kanuni fupi, na kwa kanuni hiyo ungeacha lenzi halali ukabeba yenye jina la kubandika, maana hiyo ya pili kwa macho ya juu juu inalingana kila mahali.

Nikukiri jambo. Mwishoni mwa miaka ya themanini, studio yangu hapa Mtwara ilikuwa na lenzi moja ya picha za pasipoti. Masika moja kuvu likaingia vioo vya nyuma, likaota kama utando wa buibui, na nilipolifuta likawa limeshakula kioo. Vifaa vilikuwa vya kutafuta kwa tochi; filamu yenyewe tulikuwa tunaipata kwa kujuana. Nikapata lenzi ya aina ile ile iliyoanguka kutoka kwenye stendi, mbele imepasuka, nyuma nzima. Nikachukua nyuma ya marehemu nikampa mgonjwa. Nusu ya watu wa Chikongola wa umri wangu wamepigwa picha na lenzi ile. Baadaye niliiuza, na nikafanya kosa ambalo mpaka leo linanisumbua: sikuandika popote nilichokifanya. Kama iko hai, yuko mtu ataifungua akute namba mbili, aseme "feki", aitupe kando.

Kwa hiyo mimi nikikuta kipande cha kigeni kwenye lenzi siulizi kwanza kama kinalingana. Nauliza kimewekwa ili lenzi ipige picha, au kimewekwa ili lenzi iuzike? Fundi anayetibu lenzi hubadilisha kioo kilichooza, shata iliyokufa springi, jani la tundu la mwanga lililovunjika. Mdanganyifu hana haja na hivyo. Yeye hubadilisha pete ya jina, ile ya mbele yenye maandishi, kwa sababu bei inasomwa pale.

Umeshaona wachonga vinyago wasio waaminifu wanavyochukua mti mweupe wakaupaka kiwi nyeusi ukawa "mpingo"? Mwenye macho hatazami uso wa kinyago, anageuza kitako akakwaruza kidogo. Lenzi nayo ina kitako chake cha kukwaruza, tutafika.

Tuanze na hadithi ya Tendaguru, maana hiyo haihitaji hata bisibisi. Lindi kila kitu cha zamani kimetoka Tendaguru, mpaka jiko la mchina. Wajerumani wa makumbusho ya Berlin, kina Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, mifupa ikabebwa vichwani mpaka bandari ya Lindi. Sonnar imetoka 1932, pamoja na kamera ya Contax. Aliyeibuni ni Ludwig Bertele. Leica yenyewe imeanza kuuzwa 1925. Ile T nyekundu inamaanisha vioo vimepakwa utando mwembamba wa kupunguza mng'ao, na huo ni ugunduzi wa Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935. Sasa Janensch alishikaje Sonnar yenye T huku anachimba mifupa mwaka 1910?

Tessar ingeweza. Paul Rudolph wa Zeiss aliibuni 1902, na wasafiri wengi wa wakati ule walikuwa nayo. Lakini hii yako namba yake ya laki tano na kitu inaangukia miaka ya 1920, wakati Wajerumani wameshaondoka na Tanganyika iko chini ya Mwingereza. Uzuri ni kwamba Waingereza nao walikuja Tendaguru, kuanzia 1924 mpaka 1931, na Louis Leakey akiwa kijana alikuwemo katika msafara wa kwanza. Kwa hiyo kwa tarehe haigombani na Tendaguru ya pili. Hilo halina maana ilikuwepo. Bila barua, risiti au picha yenye jina nyuma, hadithi usiilipie hata shilingi.

Usiwaambie hao wafiwa kuwa ni waongo. Huenda wamesimuliwa na marehemu mwenyewe, naye alisimuliwa na aliyemuuzia.

Sasa Tessar. Zima taa chumbani, washa tochi ndogo, imulike lenzi kwa mbele kwa ubavu kidogo, halafu hesabu nukta za mwanga zinazoakisiwa ndani. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa hutoa nukta moja kali. Panapokutana kioo na kioo kwa gundi hutoka nukta hafifu mno, hadi uhamishe tochi ndipo uione. Tessar ina vioo vinne: viwili vya mbele vimeachana, viwili vya nyuma vimegandishwa pamoja. Hesabu yake ni nukta sita kali na moja hafifu. Ukipata sita kali bila ile hafifu, hapo nyuma pana kioo kimoja tu, na umeuziwa lenzi ya bei rahisi ya vioo vitatu yenye pete ya Tessar. Kwa lenzi yako natarajia nne nyeupe, mbili za zambarau na hiyo moja hafifu. Ukizipata hizo, nyuma ni Tessar kweli, ila ni ya lenzi nyingine iliyotengenezwa baadaye, baada ya kupaka vioo kuwa jambo la kawaida.

Tahadhari kabla hujakimbilia kusema "nyuma ni mpya". Rangi peke yake hudanganya kwa njia mbili. Kwanza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu wengi walipeleka lenzi zao za zamani zikapakwe, na wengine walipaka baadhi ya nyuso tu. Pili, kioo kisichopakwa kikizeeka hujifanyia utando chenyewe. Mwingereza Harold Dennis Taylor aligundua mwishoni mwa karne ya 19 kwamba lenzi kuukuu zilizobadilika rangi zilipitisha mwanga mwingi kuliko mpya. Huku pwani kwetu, kwa chumvi na unyevu huu, utando wa uzee ni jambo la kila siku. Tofauti yake ni kwamba wa uzee una mawimbi na mabaka, kama mafuta ya taa juu ya maji ya dimbwi, wakati wa kiwandani ni rangi moja tulivu kutoka ukingo hadi ukingo. Picha yako inaonyesha rangi tulivu.

Hapo inaingia shata. Compur ilitengenezwa na Deckel wa Munich, lenzi ilitengenezwa mji wa Jena, na kila kiwanda kilikuwa na namba zake. Namba ya shata kutolingana na ya lenzi si kosa, haijawahi kulingana hata siku moja, na nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya hilo. Kinacholinganishwa ni umri. Compur za kwanza, tangu 1912, zina kisahani kidogo juu cha kuchagulia kasi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 zikaja za kuzungusha pete nzima. Tundu la waya wa flashi ni la baadaye zaidi, na kwa Compur ya kiwandani lina maana ni ya baada ya vita, kama tundu lenyewe halikuongezwa na fundi. Una mbele ya miaka ya 1920, shata ya baada ya vita, na nyuma yenye mpako wa baada ya vita. Unaona mambo yanavyojipanga? Mimi naona lenzi mbili. Moja ilikuwa ya zamani, shata yake imekufa na nyuma imeharibika. Nyingine ilikuwa changa zaidi, mbele imevunjika. Mtu mwenye mashine ya kukereza chuma akazifanya moja, na hesi za mbele zilipokataa kuingia kwenye shata mpya, akakereza kile kipete cha shaba. Yaani yale yale niliyofanya mimi, ila yeye alikuwa na mashine na mimi nilikuwa na tupa.

Mdanganyifu gani atapoteza siku nzima kukereza kipete cha shaba kwa lenzi ya laki moja na nusu?

Lakini kuwa halali ni jambo moja, kupiga picha vizuri ni jingine, na hapa ndipo kile kipete kinanitia wasiwasi. Nafasi ya hewa kati ya vioo vya mbele na vya nyuma kwenye Tessar ni ya kupimwa kwa vipande vya milimita. Kama fundi alikereza kipete akasahau kwamba kimesukuma mbele mbali na nyuma, lenzi itakuwa laini, hasa pembeni. Kisha kuna kipimo cha tundu. Namba ya 4,5 maana yake ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa tundu: milimita 135 kwa 4,5 ni milimita 30. Fungua tundu mpaka mwisho, shikilia lenzi mbali kwa urefu wa mkono ukiitazama kwa mbele, weka rula juu yake, soma upana wa duara la mwanga unaloliona. Ukipata karibu na 30, shata ilitoka kwenye lenzi ya ukubwa ule ule. Ukipata 26 au 27, shata ilikuwa ya lenzi ya sentimita 12, na mizani yote ya tundu inakudanganya: ukiweka 4,5 kwa kweli uko kwenye 5. Si hasara kubwa, utaandika kikaratasi ubandike, lakini ujue.

Mwisho wa Tessar: iweke kwenye kamera yoyote yenye kioo cha ukungu cha kulengea, au hata ishikilie dirishani mkabala na ukuta mweupe chumba kikiwa giza. Utaona mnazi wa nje umegeuka miguu juu ukutani. Fungua tundu lote, tazama kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa mkali na wa pili umelegea, zungusha lenzi nusu duara. Ulegevu ukihama pamoja na lenzi, kuna kioo kimekaa kombo. Hilo hutokea sana kwa vioo vilivyobadilishwa, kwa sababu kiwandani kila lenzi ilisawazishwa kwa vioo vyake yenyewe. Leitz, watengenezaji wa Leica, walikuwa waangalifu kiasi cha kuchonga kitarakimu kidogo karibu na alama ya mbali kabisa, kuonyesha urefu halisi wa fokasi ya lenzi ile. 6 ikiwa na maana ya milimita 51,6. Siku ukikuta Leitz iliyobadilishwa kundi zima la vioo, hicho kitarakimu kimebaki kwenye mwili kikizungumzia vioo ambavyo havipo tena.

Tuje kwa bibi harusi wako, Sonnar.

Kwanza haki yake. Sonnar za hesi za Leica zilizotoka Jena zipo kweli. Zilitengenezwa chache wakati wa vita, na namba za milioni mbili laki saba zinaingia katika miaka hiyo hiyo. Kwa hiyo pete yako haisemi jambo lisilowezekana. Na kwa sababu hiyo hiyo aliyeichonga aliichagua: mwongo mzuri husema lile linaloweza kuwa kweli na lenye bei.

Baada ya vita Jena ikawa upande wa Wasovieti, na mitambo, michoro na hata vioo vilivyokwisha kutengenezwa vikapelekwa Urusi kama fidia. Kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kikaanza kuunda Sonnar ile ile, kwanza kwa kutumia vioo vya Kijerumani, ikiitwa ZK, kisha ikapewa jina la Jupiter. Jupiter-3 ni Sonnar ya 1:1,5, na Jupiter-8 ni Sonnar ya 1:2. Hizi si feki, ni lenzi za heshima zenye jina lao, na zilikuja hapa kwetu na vijana waliorudi masomoni kwenye nchi zile. Tatizo lilianza watu walipogundua kwamba ukifuta maandishi ya Kirusi na alama ya kiwanda, ile yenye umbo la prizimu linalopitwa na mshale, ukachonga Carl Zeiss Jena, unazidisha bei mara kadhaa. Sonnar za namna hiyo ni nyingi kuliko halisi. Nami nimewahi kununua moja kwa dalali wa Dar, nikaenda nayo nyumbani nikiimba.

Sasa ile namba iliyokwaruzwa ndani. Kwenye lenzi za Kisovieti, tarakimu mbili za kwanza za namba kwa kawaida ni mwaka. 56 ni 1956. Mafundi wa kiwandani walikwaruza namba ya lenzi kwenye vipande vya ndani ili visichanganyike wakati wa kusawazisha. Mchonga pete hakuiona, au aliiona akasema nani atafungua. Hicho ndicho kitako cha kinyago. Ungekuwa na Sonnar ya wakati wa vita, namba ya ndani ingehusiana na ya mbele, hata kama ni tarakimu za mwisho tu. Zeiss wa mwaka 1942 atakwaruzaje 56?

Utaniuliza: na kama huyu naye ni mgonjwa aliyetibiwa? Sonnar halisi iliyoharibika nyuma ikapewa vioo vya Jupiter? Inawezekana, na ni swali zuri, kwa sababu vipande vya hizi lenzi ni ndugu wa damu. Tena hapa hesabu ya nukta za tochi haikusaidii, maana Sonnar na Jupiter-3 zote ni vioo saba katika makundi matatu. Inabidi tuchome gunia kwa bambo zaidi ya sehemu moja, kama mnunuzi wa korosho asiyeridhika na zile za juu.

Chomo la kwanza ni chumvi. Nyumba hiyo umesema iko Mikindani, pembeni ya ghuba. Kitu cha alumini kikikaa pale miaka sitini huota unga mweupe kwenye maungio, na shaba huota kutu ya kijani. Tessar yako ina hiyo kijani kwenye kipete na pembeni ya skrubu, nimeiona kwenye picha. Sonnar ina unga mweupe kidogo kwenye hesi za nyuma, lakini pete ya mbele, ambayo ndiyo ya kwanza kupigwa na upepo wa bahari, haina hata chembe. Kipande kimoja kisafi kati ya vipande vichafu ndicho cha kuhojiwa. Ama pete ililetwa juzi, ama lenzi nzima haikukaa Mikindani muda wanaosema. Ningetibu lenzi ningebadilisha pete ya jina? Ya nini? Haipigi picha.

Chomo la pili ni maandishi. Azima kioo cha sonara, ukae juani. Uchongaji wa Jena ulikuwa wa mashine inayofuata kielelezo: kina kimoja, nafasi sawa kati ya herufi, miisho ya herufi ya mviringo. Ninachokiona kwenye picha yako ni "Sonnar" ambayo herufi n ya kwanza na ya pili hazifanani upana, na rangi nyeupe imefurika nje ya mfereji. T nyekundu imekaa karibu mno na herufi jirani, kama mtu aliyeishiwa karatasi. Tazama pia chini ya rangi nyeusi kama kuna vivuli vya maandishi yaliyosuguliwa. Ukiinamisha pete kwenye jua la saa kumi, kovu huonekana. Na tazama vile vipengele viwili vya kufungulia pete. Vikiwa na mikwaruzo mipya na skrubu nyingine zote ni bikira, unajua bisibisi lilikwenda wapi.

Chomo la tatu ni rula tena. Milimita 50 kwa 1,5 ni 33 na kidogo. Ukipima tundu likiwa wazi kabisa ukapata 33, una Jupiter-3 iliyovishwa jina. Ukipata 25, hata Jupiter-3 si yenyewe, ni Jupiter-8 ya 1:2, na hapo umeongopewa mara mbili, jina na uwezo.

Kuna la nne ambalo wewe huwezi kulifanya kwa sasa, kwa sababu unatumia kamera ya dijitali na adapta, na unalenga kwa kutazama kupitia lenzi yenyewe. Kwenye Leica ya kitafuta-umbali kamera inaamini lenzi ya kawaida ina milimita 51,6. Wasovieti walifuata kipimo cha Contax, 52,4. Ndiyo maana Jupiter kwenye Leica halisi inaweza kuwa kali kwa mbali lakini ukimpiga mtu kwa mita moja tundu likiwa wazi, umelenga jicho unapata sikio. Ukimpata mwenye Leica Mtwara nzima nijulishe na mimi, tutajaribu pamoja.

Kwa ushahidi huu, hata bila chomo la nne, naiita Jupiter. Nisingetoa zaidi ya laki nne, na hizo ni kama vioo havina kuvu na rula imesema 33. Ukiipata kwa bei hiyo, inunue! Kwa harusi za jioni itakupendeza sana, ina ulaini fulani nyuma ya mtu ambao lenzi zenu za sasa hazina. Ila usije ukaiuza kesho kwa jina lililo kwenye pete.

Kabla sijasahau, usije ukaigeuza kanuni yangu ikawa ya kukataa kila pete ya ajabu. Ukikutana na lenzi imeandikwa "Jena T" au "aus Jena" bila neno Zeiss, usidhani jina limefutwa. Wakati wa ugomvi wa jina kati ya Zeiss ya Ujerumani Mashariki na ya Ujerumani Magharibi, lenzi za Jena zilizokwenda masoko kadhaa ya nje zilitoka kiwandani hivyo, T ikiwa ni Tessar na B ikiwa ni Biotar. Na lenzi kubwa za seti kama Protar kila nusu ina namba yake na urefu wake wa fokasi, zilitengenezwa hivyo makusudi ili mpiga picha abadilishane nusu. Huko kutolingana ndiko kulinganika kwenyewe.

Kwa Tessar, wape laki moja, mwisho laki na ishirini, maana shata peke yake ikiwa inafanya kazi kwa sekunde nzima bila kukwama ina thamani yake. Isikilize: weka sekunde 1, hesabu moyoni, isigugumie njiani. Usiingize mafuta. Usifute kioo cha nyuma kwa spiriti, gundi ya zamani haipendi. Ukishainunua, chukua karatasi ndogo uandike "mbele miaka ya 1920, nyuma na shata za baadaye, kipete kimekerezwa", uifungie ndani ya kasha lake.

Halafu panda basi uniletee. Nina mashine ndogo ya kukereza sasa, na hicho kipete nataka nikipime unene. Naona kama kimezidi nusu milimita, na hiyo nusu nadhani ndiyo itakayoamua kama pembe za picha yako zitakaza au la.